Foto ya kidonda bado haiko kidonda

Leo sitaongea politike, mutanisamehe. Ninataka tusome kazi moja ya sayansi kama vile wengine hapa wanasoma riwaya: kusifu fasi inaomba kusifiwa, na kupinga fasi inaomba kupingwa.

Miaka hii, wadogo zetu wa informatike wenye wanatafuta kichwa cha TFC wanapenda sana kichwa kimoja: kufundisha ordinatere kuangalia foto ya kidonda cha muda murefu na kusema kama kinapona ao hakiponi. Kichwa ni kizuri. Telefone zimeingia mupaka kwenye vijiji, na kidonda chenye kinakaa miezi ao miaka hakiko kitu cha mbali kwetu: baba mwenye ugonjwa wa sukari mwenye kidole chake cha muguu kimeanza kuoza, muzee wa ukoma mwenye tundu chini ya kisigino, mutoto wa Kongo-Central mwenye Buruli, mutu mwenye alilala sana kitandani nyuma ya kuvunjika mugongo. Sasa, wakitafuta data ya bure, wengi wanafika fasi moja: FUSeg. Wanaichukua, wanafundisha mashini, wanapata 87 ao 88 juu ya mia, na wanaandika kwenye ukurasa wa mwisho kwamba programu yao itasaidia kufuatilia vidonda katika vituo vya afya vya Kongo. Ni kwa ile sentensi ya mwisho njo niko na neno.

FUSeg ni jina fupi la mashindano ya mwaka wa 2021, yenye yalifanywa pamoja na MICCAI, mukutano mukubwa wa watu wenye wanachunguza foto za kinganga kwa ordinatere. Yalitayarishwa na kikundi cha Chuo Kikuu cha Wisconsin-Milwaukee, kule Marekani, pamoja na kliniki moja ya vidonda ya ule muji, AZH Wound and Vascular Center. Walitoa foto 1.210 za vidonda vya miguu, zenye zilitoka kwa wagonjwa 889. Kwa kila foto, mutu mwenye kujua kazi alichora mustari kwa mukono: hapa ndani ni kidonda, hapa inje ni ngozi, shuka, meza. Washindani wanapewa foto na michoro, wanafundisha programu yao, kisha inapimwa kwa foto zingine 200 zenye michoro yake ilifichwa.

Alama yenye wanatumia inaitwa Dice. Hesabu yake haiko ngumu. Unachukua eneo lenye mashini na mutu wote wawili wanasema "hiki ni kidonda", unalizidisha mara mbili, unaligawa kwa jumla ya eneo la mashini na eneo la mutu. Wakikubaliana kabisa, 100%. Wasipokutana hata kidogo, sifuri. Timu ya Amirreza Mahbod, yenye iliunganisha mitandao mbili, U-Net na LinkNet, ilipata 88,80% na ikawa ya kwanza. (Ile U-Net ilitengenezwa mwaka wa 2015 na Olaf Ronneberger na wenzake kule Freiburg, Ujerumani, kwa foto za hadubini. Uzuri wake ni kwamba inaweza kujifunza kwa foto kidogo, na njo maana wanafunzi wetu wanaipenda: haiombe ordinatere ya bei ya nyumba.)

Mbele ya kupinga, niseme juu ya nini ile kazi ilikuwa ya lazima. Leo, fasi nyingi, kidonda kinapimwa kwa rula. Muuguzi anachukua urefu wenye unapita yote, anachukua upana, anazidisha. Lakini kidonda hakiko sanduku. Kama kiko na umbo la yai, hesabu ya urefu mara upana inakupa eneo lenye linapita lile la kweli kwa 27%, na hiyo ni jometri tu, bado hatujaongea juu ya mukono wenye unatetemeka. Tena wauguzi wawili hawachagui "urefu" mumoja. Yule wa asubui anapima kutoka hapa, yule wa jioni anapima kutoka pale, na ndani ya daftari kidonda kinaongezeka na kupunguka kama vile kiko kinapumua. Fasi zingine hakuna hata rula. Wanaandika "kidonda kinaendelea vizuri" majuma sita ya kufuatana, mupaka siku ya kukata muguu.

Na ukubwa ni jambo la maana sana. Mwaka wa 2003, Peter Sheehan na wenzake walionesha katika gazeti Diabetes Care kwamba, kwa kidonda cha muguu cha mutu wa sukari, namna eneo linapunguka ndani ya majuma 4 ya kwanza inatabiri vizuri kama kitafungana ndani ya majuma 12. Kama halijapunguka karibu nusu, inaomba kujiuliza upya: ugonjwa umeingia ndani ya mufupa? damu inafika? mugonjwa anaendelea kukanyagia pale? Kwa hiyo mashini yenye inajua kuchora mustari wa kidonda bila kuchoka, asubui na jioni, haiko muchezo wa watoto. Wale watu wa Milwaukee walichagua tatizo la kweli, na walitoa data yao bure, jambo lenye makampuni mingi ya kuuza programu za vidonda hayafanyi. Kwa ile, heshima yao.

Sasa tufike kwa 88,80.

Chukua karatasi. Tuseme kidonda kiko na sentimetre mraba 10. Mashini inachora mustari wake ndani kabisa ya kidonda, lakini inakuwa na woga, inaona 8 tu. Wanakubaliana kwa 8. Mara mbili ni 16. Jumla ya maeneo ni 18. Gawa: 88,9%. Ni alama ya mushindi, na sehemu moja juu ya tano ya kidonda imebakia inje! Siku ingine, mashini inakuwa na ulafi, inakamata kidonda chote na ngozi ya pembeni, inaona 12,5. Wanakubaliana kwa 10, mara mbili ni 20, jumla ni 22,5. Gawa: tena 88,9%.

Sasa weka zile siku mbili kwa mugonjwa mumoja. Juma la kwanza mashini inasoma 12,5. Juma la ine inasoma 8. Daftari inaonesha kwamba kidonda kimepunguka kwa 36%, munganga anafurahi, anasema tuendelee na ile dawa. Kumbe kidonda hakijatembea hata kidogo, kingali na 10. Geuza mufano: kidonda kimepona nusu kweli kweli, kimetoka 10 mupaka 5. Lakini siku ya kwanza mashini ilisoma 8, na juma la ine inasoma 6,25. Inasema kimepunguka 22% tu. Yule mugonjwa alikuwa kwenye njia nzuri, sasa anatumwa muji, analipa pikipiki, analipa fishi ya konsultasio, juu ya kosa la mustari. Na kila moja ya zile foto ine, ukiipima peke yake, iko na alama yenye ingepanda kwenye jukwaa la washindi.

Mutu atanijibu: lakini mashini nzuri haifanyi vile, kama iko na woga itakuwa na woga kila siku, 8 kisha 4, na nusu inabakia nusu. Ni kweli kabisa, na njo pale musumari uko. Kwa kufuatilia kidonda, tunahitaji mashini yenye kosa lake linafanana leo na kesho, hata kama si ndogo sana. Mashini yenye inakosea 20% kila siku upande ule ule ni rafiki. Mashini yenye inakosea 10% leo upande huu na 10% kesho upande ule ni adui mwenye kuvaa blouse nyeupe. Alama ya Dice, foto moja moja, haitenganishi wale wawili. Haikutengenezwa kwa ile.

Je, FUSeg inaweza kutusaidia kupima ule ufanano wa leo na kesho? Gawa foto 1.210 kwa wagonjwa 889. Ni 1,36. Foto moja na kidogo kwa kila mutu! Hata kama zingine zilichukuliwa kwa siku mbalimbali, huwezi kufuatilia kidonda kwa foto moja na kidogo. Kidonda cha muda murefu ni hadithi yenye sura mingi, na hapa tunapewa jalada la vitabu 889. Watayarishaji wenyewe hawakudanganya mutu. Waliomba mustari, wakapima mustari. Ni sisi wenye tunaruka kutoka "kuchora mustari" mupaka "kufuatilia mugonjwa" kama vile ni mutaro wa hatua moja.

Kuko pia jambo dogo lenye linasahauliwa kwa TFC nyingi. Pikseli hazina sentimetre. Ukichukua foto kwa urefu wa sentimetre 20, kisha juma lenye linafuata mwenzako akachukua kwa 40, kidonda kile kile kitakuwa na pikseli robo tu. Ndiyo sababu watu wenye wanafanya kazi hii kwa uzito wanaweka kandokando ya kidonda kipande cha karatasi chenye ukubwa na rangi yake vinajulikana. Tena muguu haiko meza: kisigino kinazunguka, foto inakilalisha. Dice haijali mambo hayo, juu inalinganisha foto na foto yenyewe. Nimeona kazi zenye zinaandika "sentimetre mraba" bila kuweka hata kipande cha rula ndani ya foto. Zile sentimetre zilitoka wapi?

Lakini tuseme mashini ni kamilifu, mustari ni ule wa malaika. Je, eneo lenye linaonekana njo kidonda?

Nipeleke mufano wa kwetu, Buruli. Jina ni la eneo moja la Uganda, fasi wagonjwa wengi walionekana katika miaka ya 1960, lakini microbe yenyewe, Mycobacterium ulcerans, ilielezwa mwaka wa 1948 kule Australia na Peter MacCallum na wenzake. Hapa inchini, watu wa Songololo na Kimpese, katika Kongo-Central, wanaujua kwa miaka mingi. Ule ugonjwa unatoa sumu yenye inaitwa mikolaktoni. Inaua nyama chini ya ngozi na inazima maumivu. Kwa hiyo mutoto anacheza, hasikii kitu, na mama anaona kauvimbe tu. Siku ngozi inapasuka, ukingo wa kidonda unakuwa kama paa yenye haina ukuta: ngozi inaonekana nzima kwa juu, lakini chini ni tupu. Munganga mwenye anajua anapitisha kijiti chenye pamba chini ya ule ukingo, na kijiti kinaingia sentimetre mbili, tatu, hata zaidi. Kidonda cha kweli kiko kule, chini ya paa. Foto inaona shimo la mulango tu.

Na ukubwa unahesabiwa sana kwa Buruli! Shirika la Afya Ulimwenguni linapanga wagonjwa kwa makundi matatu: chini ya sentimetre 5, kutoka 5 mupaka 15, na zaidi ya 15 ao vidonda vingi ao fasi ya hatari kama macho. Programu yenye inasoma ukingo wenye unaonekana inaweza kumuweka mutoto kwenye kundi la kwanza, wakati mukono wa munganga wenye unapapasa ngumu ya pembeni ungemuweka la pili.

Kisha angalia namna kidonda kinatembea wakati wa dawa. Wanatoa rifampisini na klaritromisini kwa majuma 8. Katikati ya ile dawa, kwa wagonjwa wengine, kidonda kinaongezeka, kinatoa uchafu, hata kinatokea kipya. Wanganga wanaita ile jibu la kinyume: mwili wenye ulikuwa umelazwa na sumu unaamuka na kupigana. Haiko dawa yenye imeshindwa. Munganga mwenye uzoefu anavumilia, anaendelea. Mashini itachora mustari munene wa kupanda na kuwasha taa nyekundu. Na muuguzi mwenye ni peke yake kwenye kituo, mwenye telefone inamulilia, atafanya nini? Anaweza kukatisha dawa yenye ilikuwa inaponya.

Hata bila Buruli, jambo ni lile lile. Siku munganga anasafisha kidonda kwa kisu, anatoa nyama yenye imekufa, kidonda kinatoka pale kikiwa kikubwa zaidi kuliko asubui. Ni habari njema. Kwa karatasi ya mashini ni musiba. Na muzee wa ukoma, mwenye muguu wake hausikii, foto ya kisigino chake inaweza kuwa nzuri ya ajabu, wakati chenye kinamuponesha ni kiatu na kupumuzika, kuacha kukanyagia pale. Foto haioni kiatu. Haioni kama mushipa wa juu ya muguu unapiga. Haisikii harufu, na kila mama mwenye aliuguza mutu nyumbani anajua kama harufu inatangulia macho kwa siku mbili, tatu.

Upande wa rangi ya ngozi, nitasema kidogo, juu wengi wameandika na wengine wameandika vibaya. Watu wanapenda kusema "mashini ni ya wazungu, haitaona kidonda chetu." Haiko sawa kabisa vile. Nyama mupya ndani ya kidonda ni nyekundu kwa mweusi kama kwa mweupe. Shida iko pembeni. Kwa ngozi nyeupe, ugonjwa wenye unaenea unaleta wekundu wenye unaonekana kwa mbali. Kwa ngozi yetu ni zambarau, ni kijivu, ama ni weusi zaidi tu, na inaomba kugusa ili usikie moto. Na wakati kidonda kinafungana, ngozi mupya kwetu inatoka ya rose, bado haijapata rangi yake. Mashini yenye ilijifunza kwamba rose kandokando ya nyekundu ni kidonda, inaweza kuhesabu uponyaji kuwa ugonjwa. Ongeza ile dawa ya zambarau yenye tunapaka, ongeza unga wa majani wenye nyanya aliweka mbele ya kuja kwa munganga, ongeza taa ya toshi saa ya umeme kukatika. Hakuna mutu mwenye alifundisha mashini ya Milwaukee mambo hayo.

Kwamba hofu hii haiko ya kuwaza tu, kuko ushuhuda wa karibu. Mwaka wa 2020, Michael Sjoding na wenzake wa Michigan walionesha kwamba kale kamashini kenye kanabana kidole kwa kupima oksijeni kalikosa kuona ukosefu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Kalikuwa kwenye hopitali za dunia nzima, na watu walikaamini. Mwaka wa 2022, Roxana Daneshjou na wenzake wa Stanford walikusanya foto 656 za magonjwa ya ngozi za watu wa rangi mbalimbali, na programu zenye zilikuwa zinasifiwa zikashuka, zaidi sana kwa ngozi nyeusi.

Na hata bila kubadilisha rangi, badilisha tu hopitali. Kuko mashindano mengine, DFUC, ya Moi Hoon Yap na kikundi chake cha Manchester Metropolitan University, kwa foto za miguu ya wagonjwa wa sukari wa hopitali za Lancashire, Uingereza. Ile ya mwaka wa 2022, yenye foto 4.000, ilikuwa pia ya kuchora mustari. Wa kwanza alipata kama 73%. Watu walewale wa ujuzi, mitandao ya jamaa moja, na alama iko chini kwa pointi 15. Ile 88 yenye mutoto wetu anaandika kwa TFC ni alama ya zile foto, haiko alama ya mashini yake. Akiipeleka Kimpese ao Bukavu, ni namba ingine kabisa, na hakuna mwenye anaijua mbele ya kujaribu.

Kazi yenye mimi ningependa wadogo zetu wasome kandokando ya FUSeg ni ile ya Rie Yotsu na wenzake, yenye ilitoka mwaka wa 2023. Walichukua foto 1.709 za wagonjwa 506 wa Côte d'Ivoire na Ghana, kwa magonjwa tano: Buruli, ukoma, misetoma, upele na buba. Ngozi zetu, udongo wetu, mwangaza wetu. Na swali lao ni lingine: si "kidonda kiko na ukubwa gani?" lakini "huu ni ugonjwa gani?" Kwa muuguzi wa kijiji, mimi naona lile swali linakuja kwanza. Mutu mwenye Buruli mwenye anatibiwa kama jipu kwa miezi mitatu, hata ukimupimia eneo kwa pikseli, hujamusaidia.

Lakini hata ile tusiimeze nzima. Mashini yenye ilifundishwa majina matano, ukiionesha kuumwa na nyoka ao kuungua na mafuta ya moto, itachagua moja ya yale matano, juu haijui kusema "sijui" kama haijafundishwa. Na wagonjwa walikuwa tayari wamefika kwa timu zenye zinatafuta yale magonjwa. Kwenye kituo cha kawaida, vidonda vingi vinaletwa na pikipiki na jembe, si Mycobacterium. Ni kazi ya kujaribu njia, na wenyewe walisema vile. Ninaiheshimu zaidi kwa sababu ya ile.

Jambo la mwisho, lenye linanichoma. Foto zenyewe ziko wapi? Kwetu zinapita kwa WhatsApp. Muuguzi anachukua, anatumia munganga, munganga anatumia kikundi, mwanafunzi mwenye iko ndani ya kikundi anaziweka kwa TFC. Wanasema: ni muguu tu, hakuna uso. Muguu uko na kovu, uko na chale, uko na kitenge chenye mutaa wote unakijua, na ndani ya faili ya foto kunaweza kuwa saa na fasi yenye ilichukuliwa. Inchi yetu iko na Code du numérique tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, yenye inalinda habari za mutu, na afya iko ndani. Mugonjwa mwenye alifungua kidonda chake mbele ya telefone alifanya vile juu anataka kupona. Inaomba kumuuliza, kwa luga yenye anasikia, kama foto yake inaweza kwenda kufundisha mashini. Na akisema apana, atibiwe sawasawa na mwenye alisema ndiyo.

Kwa hiyo mudogo wetu mwenye ataleta kazi ya namna hii, mimi sitamuuliza Dice yake ni ngapi. Aniletee wagonjwa kumi tu, foto sita kwa kila mumoja, juma kwa juma, na karatasi ya kipimo pembeni ya kidonda. Aniletee foto mbili za kidonda kimoja zenye zilichukuliwa dakika tano mbali mbali na wauguzi wawili, nione kama mashini yake inakubaliana na yenyewe. Aandike kijiti kiliingia sentimetre ngapi chini ya ukingo. Na ile juma yenye munganga alisafisha kidonda kwa kisu, mashini ilisema nini, na nani aliisikiliza?